Gemu yako ya kusavaivu na maoni ya wachezaji: jinsi ya kuyafanyia kazi ukiwa developa peke yako

Habari wakuu. Hii ni kwa yule mtu ana gemu yake ya kusavaivu, yaani ya kupambana na njaa, kiu na hatari ili ubaki hai, ameitengeneza mwenyewe kuanzia michoro mpaka sauti, imefika hatua inachezeka, kawapa watu kadhaa, na sasa simu imejaa meseji za "njaa inashuka haraka", "weka bunduki", "kali sana kaka", "mbona inajizima" na hajui aanzie wapi. Kama gemu yako bado haichezeki hata dakika kumi mfululizo rudi umalizie hiyo sehemu kwanza, maoni kuhusu kitu ambacho hakipo hayatakusaidia.

Mifano mingi nitaitoa kwenye gemu ninayotengeneza mimi, ya mvuvi ambaye ngalawa yake imevunjika akatupwa kwenye kisiwa cha matumbawe, ana kisu tu, kuna minazi, kaa, samaki, mvua za msimu na kisima cha zamani ambacho inabidi akitafute mwenyewe. Natumia Godot, injini ya kutengenezea gemu, ni bure na haina mambo ya leseni ya kulipia, ila mnaotumia injini ya Unity mtafuata vizuri tu.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Gemu ya kusavaivu haifanani na ya mpira au ya magari, huku mateso ndo bidhaa yenyewe. Mtu akilalamika kwamba amekufa na kiu inawezekana gemu imefanya kazi yake vizuri kabisa. Sasa ukichukua kila lalamiko ukalifuta, baada ya muda unabaki na gemu ya kutembea ufukweni kuokota madafu, hamna anayelalamika na hamna anayecheza. Kwahiyo swali la kumuuliza mchezaji siyo "umeionaje gemu", hapo atakujibu "iko poa" na mazungumzo yameisha. Muulize: umekufaje, na ulijua kwa nini? Aliyekufa akajua kwa nini anaanza upya palepale tena kwa hasira. Aliyekufa hajui kimemuua nini anaifuta gemu apate nafasi ya picha.

Hatua ya 1: andika vitu ambavyo havibadiliki

Chukua karatasi, siyo faili, karatasi. Andika vitu vitatu au vinne ambavyo ndo roho ya gemu yako na hutavigusa hata watu mia wakipiga kelele. Kwangu ni hivi: usiku ni giza kweli, hamna ramani, na ukifa umekufa, unaanzia kisiwa kipya. Bandika ukutani. Ukiwa peke yako hamna bosi wala mwenzako wa kukuambia "subiri kwanza", saa sita usiku umesoma meseji ya mtu amekasirika unajikuta umefungua injini unaweka ramani, kesho yake mwingine anakuambia gemu imekuwa laini.

Chini yake andika jambo la pili: siku ya kwanza unataka watu wafe na nini. Ndiyo, wafe na nini. Mi nataka mgeni auawe na kiu au na jua la mchana, sitaki auawe na kaa. Taarifa zikija zikaonyesha wageni wengi wanauawa na kaa najua kuna tatizo hata kama hamna hata mmoja aliyelalamika. Bila hiyo orodha kila kifo kinaonekana sawa tu.

Hatua ya 2: gemu yenyewe ikusanyie vifo

Watu hawakumbuki vizuri, na siyo kwamba wanadanganya. Mtu atakuambia "nilikufa ghafla tu", ukiangalia rekodi unakuta kiu yake ilikuwa sifuri kwa dakika mbili nzima na hakuiona ile alama. Kwahiyo usitegemee kumbukumbu ya mtu, iandikie gemu iweke rekodi kila mchezaji akifa. Haihitaji seva wala pesa, mstari mmoja wa maandishi unatosha, wangu unakaa hivi:

v0.14 / siku 3 / kifo: kiu / njaa 41, kiu 0 / mkononi: kisu / mahali 212, 87 / simu: modeli na ramu

Namba ya toleo lazima iwepo, na pia iweke kwenye kona ya skrini kwa maandishi madogo muda wote, maana mtu akikutumia skrinishoti unajua hapohapo kama anaongelea toleo la jana au la mwezi uliopita. Usipoweka utapoteza siku nzima unatafuta bagi (hitilafu) ambayo ulishaiua.

Halafu kwenye skrini ya kifo weka kitufe, "Mtumie aliyetengeneza". Akibonyeza inafungua WhatsApp na ile rekodi imeshajazwa, yeye anaongeza neno lake anatuma. Hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, WhatsApp wana kiungo cha wa.me, unaweka namba yako kwa mfumo wa kimataifa bila alama ya kujumlisha, unaongeza ?text= na maandishi yako, basi. Godot unakifungua kwa OS.shell_open, Unity kwa Application.OpenURL, ila kumbuka kuyapitisha maandishi kwenye uri_encode au EscapeURL kwanza la sivyo nafasi na alama zitakata meseji katikati. Tumia laini tofauti na ile ya familia, nakuambia mapema. Na mtu akiwa hana bando rekodi zisipotee, zikae kwenye faili ndani ya simu yake, siku akibonyeza zije zote kwa pamoja.

Wazo lenyewe la kumrahisishia mtu kutoa maoni akiwa ndani ya gemu ni la siku nyingi. Waliotengeneza Subnautica, gemu ya kusavaivu chini ya bahari, waliiuza ikiwa haijakamilika kuanzia mwisho wa 2014 mpaka Januari 2018, na muda huo mchezaji alikuwa anabonyeza F8 akiwa ndani ya maji hukohuko, anaandika anachoona, maoni yanaenda kwao pamoja na picha ya skrini. Mtu akitoka nje ya gemu akaanza kutafuta pa kuandikia, nusu ya hasira imeshaisha na ndo ile nusu uliyokuwa unaihitaji.

Gemu yenyewe isichukue namba za watu, majina, mahali walipo duniani (siyo ndani ya gemu) wala majina ya watu kwenye simu zao. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya 2019, na zaidi ya sheria hakuna sababu yoyote ya gemu ya kaa na madafu kutaka kujua namba ya shangazi wa mtu.

Hatua ya 3: kaa pembeni ufunge mdomo

Kabla ya kuwatumia watu wengi, tafuta watano ambao hawajawahi kuiona. Mpwa wako, jirani, fundi simu wa pale mtaani, kijana wa kwenye kibanda cha PS akiwa hana wateja. Mpe simu, ikiwezekana simu yake mwenyewe siyo yako yenye ramu kubwa, mwambie "cheza, mi sipo", afu kaa pembeni na daftari.

Ugumu wote uko kwenye kukaa kimya. Atabonyeza pasipobonyezeka, atapita kisima mara tatu bila kukiona, atakula samaki mbichi akaumwa, na ulimi utakuwasha umwambie "hapo kwenye moto, hapo hapo". Usiseme. Siku gemu ikiwa kwenye simu ya mtu Mwanza au Mombasa hutakuwepo kumnong'oneza. Akikuuliza "hii ni ya nini?" mrudishie, "we unadhani ni ya nini?", jibu lake liandike neno kwa neno maana hilo ndo jina ambalo watu wataiita hiyo kitu, na mara nyingi ni zuri kuliko ulilompa wewe.

Andika anachofanya, siyo anachosema. Kidole kimeenda wapi kwanza. Amesimama wapi bila kufanya kitu kwa sekunde nyingi, maana hapo amepotea. Amecheka wapi. Na muhimu kuliko vyote, alipokufa uso ulikuwaje, "aaah kumbe!" au "eh? nini tena?" Ile "kumbe" ni pesa. Ile "nini tena" ni kazi ya wiki ijayo.

Wa mbali mwombe arekodi skrini, simu nyingi za kuanzia Android 11 zina kirekodi chake humohumo kwenye menyu ya juu. Ila mwambie arekodi dakika kumi za mwanzo tu na kwa ubora wa chini, usimalize bando la mtu.

Kama unaenda Play Store kuna kitu lazima ujue: akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 haziruhusiwi kuachia gemu kwa umma mpaka ufanye jaribio la watu maalum (closed testing) na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, mwanzo walitaka 20 wakapunguza. Watu wengi wanalichukulia hili kama usumbufu, wanaingia kwenye magrupu ya kubadilishana, mi naweka yako we weka yangu, siku 14 zinaisha hamna hata mmoja aliyecheza. Mi naona ni kupoteza bahati. Unalazimishwa kuwa na watu 12 kwa wiki mbili, basi tafuta 12 wanaopenda gemu za namna hii na uwatumie kweli. Hakuna siku nyingine utapata sababu nzuri hivyo ya kumsumbua mtu kila siku.

Hatua ya 4: jedwali moja, siyo meseji mia

Fungua jedwali, la Google au la kwenye daftari, na kila kitu kinachokuja kiingie humo siku hiyohiyo. Safu ninazotumia ni: toleo, simu, mgeni au mzoefu, alichosema kwa maneno yake, kilichotokea kweli kwa mujibu wa rekodi, wangapi wamesema, na aina.

Aina ziko nne tu. Bagi, yaani gemu imefanya kisichotakiwa. Haieleweki, yaani gemu iko sawa ila mtu hakujua. Mizani, yaani ameelewa kila kitu na bado anaona ni rahisi mno au ngumu mno. Na matamanio, weka bunduki weka simba weka gari. Usikosee hizi mbili za katikati, ndo zinazowazamisha wengi, kwa sababu mchezaji analalamikia zote kwa maneno yaleyale. "Njaa inashuka haraka" inaweza kuwa mizani na inaweza kuwa hajui kwamba samaki wa kuchoma anashibisha mara tatu ya mbichi.

Mgeni na mzoefu usiwachanganye kwenye mstari mmoja. Mgeni anakuambia ukweli kuhusu dakika kumi za kwanza na hajui chochote kuhusu siku ya ishirini. Mzoefu kinyume chake, ye kashasahau hata menyu ya mwanzo inafananaje, na ukimsikiliza yeye peke yake utaifanya gemu iwe ngumu mpaka ibaki na watu saba duniani.

Hatua ya 5: toa ombi, bakiza maumivu

Hapa tukae kidogo.

Mgonjwa anajua panapouma kuliko daktari, ila dawa hachagui yeye. Mchezaji akikuambia fanya hivi, usifanye, na wala usimpuuze, rudi nyuma ujiulize alikuwa anapitia nini mpaka akatamani hicho. Ukishajua kinachouma utakuta mara nyingi kuna dawa ya bei nafuu kuliko aliyoitaja.

Chukua "weka bunduki". Kisiwa changu hakina adui mwenye bunduki, hakina hata mnyama mkubwa, kaa tu. Ukimuuliza taratibu, "ulikuwa unafanya nini ulipotaka bunduki?" anakuambia kaa wananikimbilia usiku siwaoni nabonyeza kisu hakifiki. Kumbe. Bunduki haihitajiki, kinachohitajika ni sauti ya kaa kutembea kwenye majani makavu ili umsikie kabla hajafika, na urefu wa kisu uongezeke kidogo. Kazi ya siku moja badala ya mwezi, na usiku umebaki giza kama karatasi ya ukutani inavyosema.

Chukua "usiku mrefu sana". Ushawishi wa kwanza ni kuufupisha. Angalia rekodi kwanza, anafanya nini usiku? Kama amekaa tu pembeni ya moto anasubiri, tatizo siyo urefu, hana kazi ya kufanya. Mpe kusuka makuti, kukausha samaki, kutengeneza kamba, kazi zinazofanyika kwenye mwanga wa moto, na usiku uleule ataanza kuona unamwishia kabla hajamaliza.

Na lile linalokuja kila gemu ya dunia hii: "weka ya kucheza na marafiki mtandaoni". Ukiwa peke yako hilo ni kama kuanza gemu upya, kila kitu ulichoandika kinatakiwa kikubaliane kati ya simu mbili zenye mtandao wa kukatika. Ila ndani ya hilo ombi kuna hamu ya kweli, mtu anataka rafiki yake aone alichopitia. Sasa kama visiwa vyako vinatengenezwa kwa namba ya mbegu, yaani namba ambayo ukiiweka tena inatoa kisiwa kilekile, ionyeshe hiyo namba, aitume kwa rafiki yake, wote wacheze kisiwa kilekile wabishane nani kafika siku nyingi. Skrini ya kifo iwe nzuri kiasi cha kuwekwa status. Umempa sehemu kubwa ya alichotaka bila hata mstari mmoja wa mtandao.

Kuna na upande wa pili, dawa inayoonekana sahihi inaweza kuharibu. Studio ya Klei walipokuwa wanajaribu gemu yao ya kusavaivu Don't Starve, iliyotoka 2013, waliona wachezaji wapya wanahangaika mwanzoni hawajui wafanye nini, ila wakishaelewa wanafurahi. Wakajaribu kuweka kazi ndogondogo za kuwaongoza, nenda kule, kusanya hiki. Watu wakawa wanafanya zile kazi tu, wanaogopa hatari, hawachunguzi chochote, kazi zikiisha na hamu imeisha. Wakaziondoa. Maumivu yalikuwa ya kweli kabisa, watu hawakujua pa kuanzia, ila kuwapa orodha ya kazi kukaua udadisi ambao ndo gemu yenyewe. Kwahiyo kila ukiweka kitu cha kusaidia wageni rudi uangalie kama bado wanapotoka njiani wenyewe.

Hatua ya 6: nini kianze

Hapa sina maneno mengi. Kwanza kinachofuta sevu za watu, yaani pale walipofikia na gemu ikahifadhi, pili kinachozima gemu, tatu dakika kumi za mwanzo, nne vifo visivyoeleweka, tano mizani, mwisho kabisa matamanio. Kinachofuta sevu unaacha hata kula mpaka ukirekebishe. Dakika za mwanzo zina uzito hata wa kifedha, kule Steam, duka la gemu za kompyuta, mtu akicheza chini ya masaa 2 na hajapitisha siku 14 tangu anunue anarudishiwa hela, kwenye simu ndo kabisa, anaifuta kabla maji hayajachemka.

Hatua ya 7: mizani ni hesabu, siyo hisia

Namba zote za njaa, kiu, uharibifu na vitu kurudi zitoe ndani ya msimbo, ziweke kwenye faili moja la pembeni, JSON (faili la kawaida la maandishi) inatosha, ili ubadilishe namba bila kugusa programu. Halafu kabla hujabadilisha yoyote piga hesabu kwa kalamu.

Mfano wazoefu wanasema "baada ya siku ya kumi inaboa, sina shida ya kitu". Kiu inaanzia 100 inapungua 1 kila sekunde 6, kwahiyo kutoka kujaa mpaka sifuri ni sekunde 600. Siku moja ya gemu ni dakika 15, sekunde 900, maana yake mtu anahitaji maji ya pointi 150 kwa siku. Dafu moja linatoa 30, basi madafu matano kwa siku. Mnazi una madafu 4 na ukiyaangua yanarudi baada ya siku 3. Ndani ya siku 3 anahitaji madafu 15, gawa kwa 4, minazi minne inamnywesha maisha yake yote. Kisiwa kina minazi 20. Unaona? Kisima ulichotumia wiki nzima kukichora hakina kazi, hamna sababu ya mtu kukitafuta.

Wengi hapo wanakata minazi ibaki mitano, na umemuua mgeni ambaye hajui hata kupanda mnazi. Jaribu kugusa namba nyingine, ile ya kurudi, badala ya siku 3 weka 20. Sasa kwa siku 20 anahitaji madafu 100, sawa na minazi 25, na ipo 20. Haitoshi. Ila mgeni anaanza na madafu 80 juu ya minazi, kwa matano kwa siku yanamfikisha siku ya 16 akiwa salama, na kila siku anaiona minazi mitupu ikiongezeka. Anajua kinachokuja. Akifa na kiu siku ya 18 atasema "kumbe ningetafuta kisima mapema", na hicho ndo kifo tunachokitaka.

Badilisha namba moja kwa toleo, au mbili kama hazigusani kabisa. Ukibadilisha kiu, njaa na jua kwa mpigo halafu vifo vikapungua hutajua nani kasaidia. Na ukiona umegusa namba ileile toleo baada ya toleo na bado watu hawaridhiki, tatizo haliko kwenye namba, liko kwenye kanuni. Minecraft mpaka Septemba 2011 haikuwa na mita ya njaa, chakula kilikuwa kinajaza mioyo ya afya moja kwa moja, ikabadilishwa kwenye toleo la Beta 1.8 na chakula kikawa na kazi nyingine kabisa. Mabadiliko ya namna hiyo hayafikiwi kwa kupunguza na kuongeza namba.

Hatua ya 8: toa apdeti bila kuua sevu za watu

Hii ni ya wale wanaotuma APK, yaani faili la kusakinisha gemu kwenye Android, kwa mkono, na ndo tupo wengi. Android inakubali kuweka toleo jipya juu ya la zamani pale tu saini ya kidijitali ya aliyetengeneza ikiwa ileile na versionCode, namba ya toleo ambayo simu inaisoma, ikiwa haijashuka. Saini ikibadilika simu inakataa, mtu anaambiwa afute kwanza, akifuta sevu yake ya siku 40 imeenda. Kwahiyo lile faili la ufunguo wa kusaini na nywila yake vitunze sehemu mbili tofauti, moja isiwe kwenye kompyuta unayofanyia kazi. Ukiwa Play Store kwa mfumo wa sasa Google ndo wanasaini kwa ufunguo wanaoushika wao, hivyo aliyepata APK yako kwa WhatsApp anaweza kushindwa kupandisha ya Play Store juu yake, waambie watu mapema kabla ya kuhamia.

Faili la sevu nalo liwe na namba yake ya toleo mstari wa kwanza kabisa. Gemu ikifungua sevu ya zamani ijue ni ya zamani, ijaze vilivyokosekana kwa thamani za kawaida, na kabla ya kuigusa iweke nakala pembeni. Mistari michache tu ya msimbo hiyo.

Angalia na uzito. Apdeti ya MB 180 kwa ajili ya kurekebisha urefu wa kisu, mtu hatashusha, atabaki na toleo la zamani anaendelea kukuletea malalamiko ya zamani. Sauti zibanwe, picha zipunguzwe, masasisho yawe machache yenye maana kuliko kila siku.

Maelezo ya apdeti yaandike kwa lugha ya mtu, "kaa sasa unamsikia kabla hajakufikia", usiandike "marekebisho mbalimbali". Na aliyeleta wazo mtaje kwa jina la kuchezea kama ameridhia. Hicho ndo kitu pekee unachoweza kumlipa, na watu wanakithamini kuliko unavyofikiria.

Hatua ya 9: kuishi na watu

Jibu kila mtu, ila usimwahidi mtu kitu wala tarehe. Mi jibu langu linakaa hivi: "Asante mkuu, nimeiweka kwenye orodha, sijaamua bado. Ulikuwa toleo gani?" Anayekunyima usingizi kwa sababu ya bunduki mjibu hivyohivyo. Anayetukana, soma kama kuna kitu ndani, kikiwepo kiingize kwenye jedwali, tusi liache hukohuko. Kuna ya kukataa pia, kataa wazi, "ramani haitakuja, gemu imejengwa juu ya kupotea", mtu mzima akielezwa sababu anaelewa, kinachomuudhi ni kuzungushwa.

Kelele zisikudanganye kwenye idadi. Mtu mmoja mwenye meseji thelathini ni mtu mmoja, kwenye jedwali anahesabika moja. Na wanaoondoka kimyakimya hawatumi meseji kabisa, hao utawaona kwenye rekodi tu, pale sevu nyingi zinapoishia siku ya pili.

Tenga muda. Siku moja kwa wiki ya kusoma na kujibu, zilizobaki za kujenga, na arifa za grupu zizimwe. Ukisoma maoni kila saa hutatengeneza kitu. Kazi hii ni ndefu hata kwa waliofanikiwa, Nelson Sexton wa Kanada aliiweka gemu yake ya kusavaivu Unturned kwenye Steam bure Julai 2014 akiwa na miaka 16, anaitengeneza mwenyewe huku watu wanacheza, na haikutoka kwenye hali ya majaribio mpaka Julai 2017. Miaka 3 ya kusoma watu wanachosema.

Hatua ya 10: weka akiba ya wageni wako

Mtu akishacheza dakika kumi za mwanzo mara moja siyo mgeni tena, hata ukimpa toleo jipya miezi sita baadaye mikono yake inakumbuka. Ukiwapa watu wote unaowafahamu toleo la kwanza, siku umebadilisha mwanzo wa gemu huna wa kumjaribishia. Kwahiyo kwenye jedwali lako ongeza ukurasa mwingine, orodha ya watu ambao hawajaigusa kabisa, na kila ukibadilisha kitu kwenye mwanzo toa watatu au wanne tu, wakae, ufunge mdomo, uandike walivyokufa. Yule binamu anayekuomba kila siku "nitumie na mimi basi" mwambie zamu yake ni toleo lijalo, na usimwonyeshe hata skrinishoti.